Mililita Mia Mbili za Maji

Nilikuwa nikiishi chumba kimoja mtaani Migosi na msichana wa Usenge ambaye mama yake alikuwa muuzaji wa omena, dagaa wa ziwani wanaoanikwa juani. Tulisomea kazi ya maabara katika chuo kimoja. Alinishinda katika kila mtihani wa kuandika, lakini mbele ya watu alibabaika.

Siku moja mwalimu alimwita ubaoni. Mililita hamsini za asidi yenye moli mbili kwa lita zimeongezwa mililita mia mbili za maji. Ukolezi mpya ni upi? Alizidisha mbili kwa hamsini, akapata mia moja, kisha akasita na kunitazama. Agawe kwa ngapi? Nilijua ni mia mbili hamsini, kwa kuwa asidi na maji huhesabiwa pamoja. Nikamwonyesha vidole viwili.

Akagawa kwa mia mbili, akaandika nusu.

“Na asidi yenyewe imekauka juani kama omena ya mama yako?” mwalimu akauliza. Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka kuwashinda wote.

Jioni alikunja godoro lake. “Ungeniuliza wewe, ningekuambia ukweli,” alisema, akahama.

Sikumwomba msamaha. Nilisogeza kitanda changu dirishani, palipokuwa pake.