Koili ya Zuwena

Hamtaniamini, wala sinuni: mpwa wangu Zuwena wa Nguvumali huiuliza koili, ule waya wa mizunguko wa redio, itaungulia wapi kabla hajaiwasha.

Anaongea na watu wa mbali kwa redio yake. Juzi koili ya amplifaya iliungua, akasuka nyingine kwa waya wake wa mwisho. Hii nayo ikiungua, redio ndiyo basi.

"Washa, mwanangu! Unaogopa koili?"

"Mjomba, kila koili ina masafa ya mawimbi inayoungulia. Yakiwa ndiyo ninayoongelea, imekwisha."

Akaziunganisha ncha mbili za koili, akaisogezea mita ambayo mshale wake huanguka ikifika masafa ya kuunguzia, akazungusha kitufe taratibu. Mshale ukaanguka mbali na masafa anayoongelea.

"Haya, washa!"

"Bado. Hapa iko mezani. Ikiingia ndani ya bati hubadilika tabia."

Akaipachika kwenye boksi lake la bati, akapima tena. Loo! Mshale ukaangukia palepale anapoongelea. Akafumua mizunguko michache, akapima, ukahama. Ndipo akawasha. Moshi haukutoka. Mtu wa Ngazija akaitika, kisha Wahindi, kisha Wajapani wakagombea zamu, nami nikashika kipaza sauti nikawaambia—

"Mjomba, futa hayo!" Zuwena huyu hapa, ananisomea begani ninavyoandika. "Kaitika Mngazija mmoja tu, na wewe ulikuwa umejificha nyuma ya kabati."