Ngurumo ya Bati

Juzi, kwenye ukumbi wa maonyesho Dar es Salaam, nilimtazama dada mmoja akipiga ngoma kubwa kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akigonga kibao cha umeme. Ikatoka ngurumo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia mikono yake.

Kule kijijini kwetu Chiola, nilipokuwa mtoto, mchezo wa kuigiza ulifanyika uwanja wa shule, mchana, na harufu ya ufuta ulioanikwa majumbani ilitufikia tulipoketi. Mwalimu wetu, mtu wa Mwanza, alijificha nyuma ya kanga zilizotundikwa, akiwa na vitu vya kutolea milio ya mchezo: bati, ngoma mbili na kinanda kilichounganishwa na betri ya gari. Alipolitikisa bati, kinamama wote waliinuka.

"Ufuta wangu!" mama alipiga kelele.

Mwalimu akatoka mbio na bati lake. "Jamani, ni mimi! Hata hiki kinanda kinanguruma." Akakibonyeza, spika ikanguruma. Tulicheka sana, tukakaa.

Baadaye ikanguruma tena, safari hii mpaka kifuani. Nilikuwa nimekaa pembeni, nikamwona mwalimu nyuma ya kanga. Bati lilikuwa chini, mikono yake mitupu, naye ameinua uso juu.

"Mama, kinanda kinajipiga chenyewe!"

"Ndiyo umeme huo, Zuhura. Kaa."

Kinamama wakampigia mwalimu makofi. Yalikuwa hayajaisha tulipoanza kulowa.