Mashine Isiyoitikia

Mehjabeen alisafiri kutoka Mafinga hadi soko la Mwanjelwa kununua kitu ambacho wanawake wa umri wake hawanunui. Mwingine angerudi na vitenge, au mchele wa Kyela. Yeye alirudi na skana, redio ndogo ya kusikilizia watu wanaozungumza kwa simu za upepo. Mzee Mulji, muuza redio za mtumba aliyefahamiana na marehemu mumewe Sajid, alimwuliza na kumwuliza tena kama kweli anaitaka.

"Hii haisemi, ben," alimwambia, akimwita dada kwa Kigujarati. "Inasikia tu. Ukitaka kupiga soga, nunua simu."

"Basi nitasikia. Kusema nimeshasema sana."

Uongo mtupu. Tangu Sajid afariki, siku zilikuwa zinapita bila Mehjabeen kusema neno zaidi ya bei ya misumari dukani kwake.

Sajid alikuwa na malori ya kubeba magogo kutoka msitu wa misindano wa Sao Hill. Mkewe ndiye aliyekaa kwenye simu ya upepo, dukani, nyuma ya makopo ya rangi, na madereva walimwita Kituo. Kituo, nimepakia. Kituo, pancha. Kituo, huku matope, nitachelewa. Aliwaitikia, akawagombeza, akawaambia mvua imefika wapi. Miaka nenda rudi hakuna lori lililoingia uani kabla yeye hajajua liko njiani.

Mume alipofariki, malori yakauzwa kwa tajiri mmoja wa Makambako. Tajiri akayachukua pamoja na madereva, akang'oa simu ya upepo na mlingoti wa antena, akahamia masafa mengine. Madereva walikuwa wamekuja msibani, wakala, wakalia, wakaenda zao. Duka likabaki kimya, na kimya kile kilimchosha kuliko kazi. Alitaka kuwasikia tena, hasa Philbert, dereva wa kwanza wa Sajid, mwenye sauti ya kukwaruza na asiyejua kunong'ona. Hakutaka zaidi ya hapo, au ndivyo alivyojiambia.

Kitufe cha kwanza alichobonyeza kilikuwa cha kuzungukia masafa yaliyohifadhiwa. Hapakuwa na hata moja lililohifadhiwa. Skana ikazunguka patupu kwa utiifu wa ajabu, naye akaikalia siku nzima, akiwahudumia wateja kwa sikio moja, asiambulie hata kikohozi. Alipompigia Mulji, mzee alicheka mpaka akapaliwa.

"Umemtuma kwa watu unaowajua, na hujamtajia hata mmoja! Bonyeza cha kutafuta. Na usimwambie azunguke Tanzania nzima, atazeekea njiani. Mpe pa kuanzia, mpe pa kuishia. Akikuta kelele zisizo na mtu, bonyeza kuruka. Hatasimama hapo tena."

Mehjabeen alikuwa mwanafunzi mwenye hasira, na wanafunzi wa aina hiyo hujifunza upesi. Akaweka mipaka, akaipunguza, skana ikaanza kupanda masafa hatua kwa hatua. Ilisimama kwenye muungurumo wa mashine ya kuchomelea ya jirani, akairusha. Ikasimama kwenye mlio wa chaja ya simu yake mwenyewe, akairusha nayo. Ikawapata walinzi wakibishana zamu ya nani kuleta maji. Hao aliwaacha, maana walikuwa binadamu. Mahali pengine palitoa mikwaruzo tu, miwili, kisha kimya, kisha miwili tena. Akabonyeza kuruka bila kufikiri. Mwisho skana ikawa inapita masafa yote kama mtu anayekatiza uwanja mtupu, naye akajua moyoni kwamba wamekwenda mbali mno.

Aliyemzindua ni Sosthenes, fundi wa kiwanda cha mbao, aliyeingia dukani kutafuta boliti huku akilalamika.

"Jana nusura malori mawili yavaane kule kwenye kona nyembamba, mama. Dereva mgeni. Anashuka na mzigo, hajabonyeza mara mbili! Yule wa tupu angejuaje apishe?"

Mehjabeen akabaki na boliti mkononi. Dereva anayeshuka na magogo hawezi kuzungumza, anahitaji mikono kwenye usukani. Hubonyeza kitufe cha simu ya upepo mara mbili, ikasikika mikwaruzo miwili, na asiye na mzigo akajitupa pembeni. Alikuwa ameisikia mikwaruzo hiyo miaka yote, kila siku, mpaka masikio yakaacha kuihesabu. Amewatafuta watu wake wiki nzima, na alipowapata aliwafungia mlango kwa kidole chake mwenyewe.

"Mama, boliti," Sosthenes akamkumbusha.

Aliporuhusu yote aliyoyarusha, kelele zilirudi kwa pamoja, na ikambidi aanze upya: chaja akaichomoa, mashine ya jirani akairusha, na kila penye mkwaruzo akangoja. Alasiri akaipata. Miwili, kimya, miwili. Akaisimamisha skana hapo, akavuta kiti. Wateja wawili waliingia wakatoka bila kuhudumiwa.

Jioni, malori yalipokuwa yanakusanyika, sauti ikakwaruza.

"Kituo, Kituo. Nimetoka bondeni, nimepakia."

Machozi yakamtoka. "Nakupata, Philbert," alisema kwa nguvu, kinywa kikiwa karibu na mashine isiyo na mdomo.

"Nakupata, kaka Philbert," akajibu binti mmoja, mchangamfu, kutoka huko Makambako au popote walipomweka. "Pole na barabara. Wali wako tumeufunika."

"Asante, Kituo. Wewe ndiye unayetujali."

Mehjabeen hakuwa na sababu ya kuchukia. Binti alijibu vizuri, haraka, kama inavyotakiwa. Lakini iliuma, tena iliuma vibaya. Alikuwa amedhani kinachomkosesha usingizi ni sauti zao, kumbe ni kuitwa.

Akachukua simu na kumpigia Philbert, kabla hajajua atamwambia nini. Namba haipatikani, msituni mtandao haufiki. Akaweka simu mezani, akafunga duka, akapika chai ambayo hakuinywa.

Simu ikaita.

"Mama!" Philbert alikuwa anapiga kelele kama kawaida yake, lori likinguruma nyuma yake. "Nimefika lami, naona ulinitafuta. Kuna tatizo?"

Maneno yote yalikuwapo. Nimekusikia ukiita. Nimekuitikia. Angeyasema, na mtu yule mwema angegeuza lori zima na magogo yake kuja kumsalimu, kwa huruma.

"Hapana, baba," alisema. "Nilikosea namba."

"Haya, mama. U hali gani lakini?"

"Nzuri. Endesha taratibu," akasema, na kukata yeye kwanza, asije akaulizwa tena.