Misa ya Mwalimu Kalume

Kalume anafunga maboksi ghalani Fort Worth, na wenzake hawajui kwamba aliwahi kutunga misa ya wafu kwa kwaya na okestra. Iliimbwa mara moja tu, Bukavu, kuwaombea watu wa kijiji ambao serikali ilisema hawakufa. Sehemu ya mwisho iliwataja marehemu kwa majina. Wanajeshi walimchukua kabla hajavua suti. Nota zikachomwa, kwaya ikavunjwa, na alipotoka gerezani hakuna parokia iliyothubutu kumwachia hata kinanda.

Mwaka huu Kethia, anayeongoza kwaya ya Wakongomani kanisani, alimbembeleza mpaka akaikumbuka sehemu ile ya mwisho, sauti baada ya sauti. Alikubali iimbwe, kwa sharti.

"Usinitaje. Mdogo wangu Theodora yuko Bukavu bado, na wale watu wangali na vyeo."

"Mwalimu, kwetu wimbo hauimbwi bila kumtaja mtunzi. Watu watauliza."

"Sema hajulikani."

Jumapili hiyo aliketi nyuma, karibu na mlango. Mbele, kijana mmoja wa kanisa, Précieux, aliinua simu kama kawaida yake, akirusha ibada moja kwa moja ili jamaa walioko nyumbani waimbe pamoja nao. Kalume, ambaye Jumapili nyingi huwa kazini, hakuwa amelifikiria hilo. Majina yalipoanza kuimbwa aliinamisha uso. Sauti ya besi iliingia kabla ya zamu yake. Mguu wake ukaanza kuwapigia mapigo chini ya benchi.

"Mtunzi hajulikani," Kethia akatangaza walipomaliza.

"Uongo!" Mama Charlotte, aliyekuwa mwimbaji wa alto kule Bukavu, alisimama na kilemba chake kimekwenda upande. "Hajulikani na nani? Mimi nilipigwa makofi na wanajeshi juu ya wimbo huu! Ni Mwalimu Kalume, ule pale, anajificha kama mwizi wa kuku!"

Kanisa likacheka, vigelegele vikapaa. Simu ya Précieux ikageuka, ikamkuta usoni.

Alitoka mbio hadi kwenye maegesho, akapiga Bukavu. Simu iliita, ikakatika. Akapiga tena. Na tena.

"Yaya," Theodora akaitika hatimaye, akimwita kaka yake kama utotoni, sauti chini. "Nimekuona. Umenenepa."

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Majirani nao walikuwa wanaangalia. Wamenyamaza tu." Kabati lilifunguliwa, likafungwa. "Usilie, yaya. Ni nzuri kuliko nilivyoikumbuka. Acha nitafute viatu vya watoto, tutoke watu wakingali barabarani."