Mnyauko wa Kibirichia na Buti Zangu

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kilimo ya Embu, nilimchosha mkubwa wangu kwa maswali hata kabla ya chai ya saa nne. Alikuwa Afisa Kilimo wa Tarafa, mtu wa maneno machache. "Kijana," akaniambia, "hapa tunajaza ripoti. Maswali ungeyaacha chuoni." Sikuyaacha. Mke wangu atawaambia kwamba udadisi wangu haujui likizo.

Nilikuwa bwana shamba Embu, kisha Kangeta, ambako wakulima wa miraa walinifundisha mengi kuliko niliyowafundisha. Mwisho nikapelekwa Kibirichia, kwenye viazi. Huko nilikutana na mnyauko, ugonjwa unaolaza mmea mchana ilhali majani bado ni ya kijani. Kuutambua ni rahisi: unakata shina, unaning'iniza kipande chake ndani ya glasi ya maji safi, na ukiona nyuzi nyeupe zikishuka kama maziwa, ndio wenyewe. Hauna dawa. Shamba linapumzishwa viazi misimu kadhaa.

Mama Kanana, mjane, alikuwa na robo ekari tu, na karo ya watoto wake wawili ilitoka humo. Mbegu yake ilikuwa safi. Niliikagua mwenyewe, na shamba nikalitembelea kila wiki. Hata hivyo viazi vyake vikalala.

Wenzangu waliandika "mbegu mbaya" wakafunga faili. Mimi jambo hilo lilinikera. Nilichora kwenye karatasi mashamba yote yaliyougua, nikayaunganisha kwa kalamu. Mstari ukapanda kilima, ukavuka mto, ukaishia kwa Mama Kanana. Ilikuwa ratiba yangu ya Jumanne, shamba kwa shamba. Udongo wenye ugonjwa ulikuwa ukisafiri kwa buti zangu. Niliona aibu kubwa.

Nilimpelekea karatasi hiyo Afisa Kilimo wa Wadi, mkubwa wangu wa huko Kibirichia.

"Ukiwaambia wakulima, ni nani atakufungulia geti tena?" akauliza.

"Nisipowaambia, nitaendelea kuwaambukiza."

Akanirudishia karatasi.

Mama Kanana alinisikiliza amesimama katikati ya matuta yake.

"Kumbe ni wewe, bwana shamba."

"Ni mimi, mama."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nilijiuliza tu."

"Ungenyamaza singejua," akasema. "Ningerudia waru, viazi vilevile, hapa hapa."

Alipanda kabichi na vitunguu. Mtoto wake mkubwa alikosa shule muhula mzima, na hilo bado linaniuma.

Sasa nimestaafu. Wanafunzi wa chuo kikuu kule Nchiru hunijia wakitaka siri ya kazi. Nawaambia waulize, hasa pale jibu linapoweza kuwa wao wenyewe.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilipita kwa Mama Kanana kumuaga. Viazi vilikuwa vimerudi shambani, vimesimama vizuri. Alinipokea getini na beseni la maji yenye dawa ya kuua viini, akangoja nisugue nyayo za buti zote mbili.

"Sasa ingia," akasema, "uulize."