Sauti ya Dirishani

Tusekile wa Ibaba aliijua katekisimu kuliko hata wanakwaya waliobatizwa, na bado aliambiwa asimame nje. Nje, jamani! Mtu na wimbo wake!

Maana wimbo wenyewe ulikuwa wa mama yake, wa kupuria ulezi. Mwalimu Jonasi, aliyeongoza kanisa na kwaya, alimsikia akiuimba uwanjani, akauchukua, akautia maneno ya Pasaka. Tusekile hakununa. Alifurahi mno, akaenda kuomba aingie kwenye kwaya.

"Kwaya ni ya waliobatizwa, mama Boazi," Jonasi alimwambia. "Wanaoimba pamoja sharti wawe na imani moja."

"Imani yangu ina kasoro gani, mwalimu?"

"Imani haina kasoro. Ndoa yako ndiyo yenye kasoro. Mke wa pili habatizwi. Mwache Lusubilo, mwezi huu huu utabatizwa."

Amwache! Na watoto wanne awapeleke wapi, awatundike darini? Huo uke wa pili hakuuomba. Baba yake alipokea ng'ombe, yeye akafungiwa mzigo, akapelekwa. Miaka sita alikaa darasa la ubatizo, akiwaona wasichana aliowafundisha Amri Kumi yeye mwenyewe wakiitwa mbele, wakirudi na majina mapya. Kila mwaka aliondoka na hasira, na kila mwaka alirudi, kwa sababu alitaka jambo moja tu: asimame mle ndani, pamoja na wenzake, aimbe.

Mwaka 1937 ikaja habari kwamba mchungaji Mzungu angekuja Pasaka. Kwaya ikaujaribu ule wimbo, ikapotea pale unapopanda. Mara tatu, mara nne. Ndipo Jonasi akamfuata Tusekile shambani, anajichekesha.

"Mama, tusaidie. Simama nje karibu na dirisha, uimbe sauti ya kwanza. Wakikusikia hawatapotea."

Hivi mtu huyu hana haya? Tusekile alitamani kumrushia jembe. Lakini akawaza: mchungaji akiisikia sauti hii atauliza ni ya nani, na akiuliza, huenda nikaingizwa. Akakubali.

Siku ikafika, akasimama kwenye matope, mtoto mgongoni, akaimba kama mama yake alivyomfundisha. Ndani kwaya ikamfuata vizuri, hata wazee wakaguna kwa raha. Wimbo ulipokwisha, mchungaji akauliza nani mwenye sauti ile ya juu. Tusekile akasogea dirishani.

"Ni Nesta huyu," Jonasi akasema, akimwonyesha mkewe.

Ebo! Mchana kweupe, madhabahuni! Nesta akainamisha kichwa. Mchungaji akafurahi, akataka wimbo urudiwe. Jonasi akainua mkono, akatupa jicho dirishani.

Tusekile kimya. Kwaya ikaanza, ikafika pale unapopanda, ikavurugika, kila mmoja na njia yake. Wakaanza upya, wakavurugika tena. Jonasi akatoka mbio, jasho linamtiririka. Ndani watu wote, na mchungaji wao, wametega masikio.

"Mama Boazi, tafadhali, imba! Unatuaibisha mbele ya mgeni!"

Tusekile akaikaza mbeleko yake. Hakunong'ona.

"Nesta si amebatizwa?" akasema. "Basi mwambie aimbe."