Wanja Saba na Njeru Wanne

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki pale Runyenjes, magoti yananiuma kama kawaida yake, muuguzi akatoa kichwa mlangoni akaita, "Wanja!" Tukainuka wanawake wanne. Yule binti akacheka, akaitazama tena kadi mkononi, akauliza, "Sasa, Wanja yupi?" Wenzangu wakacheka naye. Mimi nikarudi kuketi, na safari hii si kwa sababu ya magoti. Swali hilo nalijua tangu nikiwa na miaka minane. Nimechoka kulibeba, jamani, basi nawaambia ninyi.

Kwetu Embu jina si kitu cha kuchagua. Mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babu yake mzaa baba, wa kwanza wa kike ni wa nyanya yake mzaa baba, na wanaofuata wanakwenda upande wa mama. Baba yangu alikuwa na ndugu wanne, na kila mmoja alimpa bintiye wa kwanza jina la mama yao, Wanja. Hesabu wewe. Ukisimama uani ukaita Wanja mara moja, wanakuja watoto wa kujaza jiko, na nyanya mwenyewe anaitikia. Hali ya Hatari ya wakoloni ilipotutoa mashambani kwetu, tukasongamanishwa na koo nyingine katika kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki na miba, tukajikuta tuko wasichana saba wenye jina hilo. Na wanaume walioitwa Njeru wa Ireri walikuwa wanne. Wanne! Jina la mwana na jina la baba, yote sawasawa.

Watu wazima walitoka alfajiri kwenda kuchimba lile handaki, wakarudi jioni. Mama alirudi na udongo mwekundu umemganda hadi kwenye kope, akapika huku anasinzia, mwiko mkononi. Harufu ya uji ulioungua ndiyo harufu ya utoto wangu. Hakuna aliyemlaumu, na hakuna aliyecheka pia. Miezi ilipita bila kusikia mtu mzima akicheka.

Sisi watoto tuliachwa na vikongwe, na kazi yetu kubwa ilikuwa kupeana majina ya utani, la sivyo tungejuanaje? Fundi wa majina hayo nilikuwa mimi. Binamu yangu mwenye sauti kali nilimwita Wanja Kengele. Mwingine alikuwa Wanja wa Viroboto. Alilia siku mbili, ya tatu akaitika. Mimi mwenyewe sikuwa na jina la utani, nani angethubutu kumpa fundi? Kina Njeru nao sikuwaacha. Wa kwanza, Njeru wa Kikohozi. Wa pili, Njeru Mrefu, na hapo nakiri sikutumia akili nyingi. Wa tatu alichana nywele hata siku za kwenda kuchimba, kwa hiyo akawa Njeru Bwana Harusi.

Wa nne alikuwa jirani yetu, ambaye mwanawe wa kwanza naye aliitwa Ireri, mtu wa maneno machache. Baadhi ya jioni alituita sisi watoto nyuma ya nyumba yake, akaingiza mkono ndani ya koti, akampa kila mmoja kipande cha chumvi ya mawe kadiri ya punje ya haragwe. Ninyi wa leo hamwezi kujua. Tulikula mahindi na maharagwe yaliyochemshwa kwa maji matupu, siku nenda siku rudi. Ile chumvi uliiramba, ukaitoa mdomoni ukaitazama, ukairudisha. Alikoitoa sikuuliza. Siku ya kwanza aliponipa nilimwambia usoni, shavu limevimba, "Wewe ni Njeru wa Chumvi!" Hakucheka. Alinishika kidevu akasema, "Wanja, jina hilo usilitoe nje." Nikadhani ni utani wa wakubwa.

Baadaye mpiganaji mmoja alikamatwa msituni, akakiri kwamba kuna mwanamume wa kijiji chetu anayewapelekea yeye na wenzake chumvi, jina lake Njeru wa Ireri. Zaidi ya hapo hakujua. Homugadi, wale walinzi wa chifu, waliwapanga wanaume wote wanne uwanjani, wakawasimamisha juani tangu asubuhi. Ni yupi? Kila mmoja alisema si yeye. Kijiji kizima kiliulizwa, kijiji kizima kikatazama vidole vya miguu. Ilipofika jioni waliwaachilia, na kesho yake wanaume wale wakarudi kwenye handaki.

Siku mbili baadaye, saa sita mchana, alikuja homugadi mmoja tuliyemwita Kabuti, kwa sababu ya koti zito alilovaa hata jua likichoma. Aliketi juu ya jiwe katikati yetu, akavua kofia kama mgeni mwema.

"Nasikia hapa kuna fundi wa majina," akasema. "Haya, niambieni, hawa kina Njeru mnawatofautisha vipi?"

Wenzangu wakanitazama. Nami nikasimama, nikaanza. Kwa Bwana Harusi alijipiga paja, akacheka hadi machozi. Mtu mzima alikuwa anacheka, na aliyemchekesha ni mimi! Kichwa kikanivimba.

"Na huyu wa nne?"

"Huyo ni Njeru wa Chumvi!"

Hapo alicheka kuliko kote. Akaniuliza, "Na wewe unaitwa nani?" Nikamwambia Wanja. Akavaa kofia yake, akaelekea handakini polepole.

Jioni ile jirani yetu hakurudi. Walimpeleka kizuizini. Kabuti naye alijigamba mbele ya wachimbaji wote: "Hata katoto kenu, Wanja, kanamjua Njeru wa Chumvi!" Nyanya alikuwa akituambia ulimi hauna mfupa, lakini kuusikia msemo ni jambo moja, kuushika ni jingine. Mke wa Njeru, Mama Ireri, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza ni Wanja yupi. Wasichana saba walikana, na aliyekana kwa sauti kubwa ni mimi. Wale niliokuwa nao siku hiyo walinyamaza, maana nao walikuwa wameicheka ile orodha. Mama zetu walitucharaza sote, ili kusiwe na lawama. Mama yangu alinichapa akiwa ameketi, fimbo tatu, ya nne usingizi ukamshika. Tangu siku hiyo Mama Ireri hakuitikia salamu ya Wanja yeyote. Wanja Kengele, ambaye siku ile ya Kabuti hata hakuwapo, aliacha kabisa kupayuka.

Njeru alirudi nilipokuwa msichana mkubwa, watu wameanza kuruhusiwa kwenda mashambani. Mguu mmoja ulikuwa haukunjiki. Tulijaa nyumbani kwake kumpokea, kina mama pamoja na mabinti zao, nami ndiye niliyebeba kibuyu cha uji. Mama Ireri hakungoja hata mumewe anywe.

"Baba Ireri," akasema, "wote saba wako hapa. Wewe unamjua. Sema leo, ni yupi?"

Njeru akainua macho, akanitazama mimi kwanza. Uji ulinimwagikia vidoleni. Kisha akamtazama Wanja wa Viroboto, akamtazama Kengele, akatuzunguka sote mmoja mmoja, bila haraka.

"Wako wengi," akasema. "Nitajuaje?"

Akanyoosha mkono, nikampa uji, akanywa.

Siku hiyo nilifikiri amesahau, nikafurahi, nikalala fofofo. Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu, tena wakubwa: hakusahau chochote. Jina lake la watu wengi lilikuwa limemficha, mimi nikamtoa humo kwa ajili ya kicheko kimoja, naye alipopata nafasi akanificha mimi mahali palepale. Nilipanga kumwambia. Kila mwaka nilipanga, hadi akafa. Nikajiambia nitamwambia mjane wake. Mama Ireri aliishi muda mrefu, alinipita njiani mara nyingi sana bila kunijibu, na mimi nikanyamaza mpaka tukamzika.